Pete ya Fahali: soko la Birmingham na mchezo wa mbwa

Vijana wenzangu, mnakumbuka mwaka 2022 tulivyojazana kwenye simu moja kumwangalia Omanyala wa Kenya akishinda mita 100? Sekunde 10.02, na betri ikazima kabla hajavishwa medali. Mji ule ni Birmingham, Uingereza. Siku chache kabla, kwenye ufunguzi wa Michezo hiyo ya Jumuiya ya Madola, waliingiza uwanjani ng'ombe dume wa mashine, urefu wake kama mita 10, macho yanawaka, moshi unatoka puani, na wanawake wanamkokota kwa minyororo. Sisi tulicheka. Mwenzetu mmoja akauliza: hawa si watu wa viwanda? Ng'ombe wa nini? Hakuna aliyejibu. Mimi nikabaki na lile swali, na kila nikipata bando nilikuwa natafuta kidogo kidogo. Haya ndiyo niliyoyapata.

Birmingham ilianza kukua kwa sababu ya soko. Mwaka 1166 bwana wa pale, Peter de Birmingham, alinunua kwa Mfalme Henry wa Pili kibali cha kufanya soko kila Alhamisi. Kibali maana yake ushuru: ukileta kuku, nafaka au ngozi, mwenye kibali anachukua chake. Soko likaganda karibu na kanisa la Mtakatifu Martin, kwenye mteremko, na hadi leo watu wanauza na kununua pale pale. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka 850.

Sehemu hiyo inaitwa Bull Ring, yaani Pete ya Fahali. Jina limetoka kwenye pete ya chuma iliyokuwa imekazwa chini. Fahali akiletwa kuchinjwa anafungwa kwanza kwenye hiyo pete, kwa kamba ya mita nne au tano hivi, halafu anafunguliwa mbwa. Si mbwa wa kawaida. Walikuwa wanafuga aina maalum, mfupi, kifua kipana, taya kama koleo, na kazi yake ilikuwa moja: kupita chini ya pembe na kumng'ata fahali puani, asiachie. Fahali naye anajitetea, anamrusha mbwa juu, na mwenye mbwa anakimbia kumdaka asivunjike mgongo. Watu wanaweka pesa, mbwa wa nani atashika. Fahali akionekana mpole, walikuwa wanampulizia pilipili puani ili akasirike. Baada ya hapo mchinjaji anamaliza kazi, na nyama inauzwa hatua chache kutoka pale.

Sasa usidhani walijiona wakatili. Walikuwa na sababu, na ilisikika kama ya kitaalamu: nyama ya fahali ni ngumu, akisumbuliwa kwanza damu inachemka na nyama inalainika. Katika miji mingi ya Uingereza ilikuwa sheria kabisa, mchinjaji akiuza nyama ya fahali ambaye hakupitia kwa mbwa anatozwa faini. Yaani aliyemhurumia mnyama ndiye mkosaji!

Nilimpelekea habari hiyo mzee wetu wa bucha, yule wa karibu na kisima. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Akasema, kijana, ng'ombe akikimbizwa kabla ya kuchinjwa nyama yake inakuwa nyeusi na inanata, wateja wanairudisha, ndiyo maana mimi ng'ombe wangu namlaza usiku mzima hapa anywe maji. Na wataalamu wa mifugo wa leo wanasema vile vile. Kwa hiyo mamia ya miaka mji mzima ulishika sheria ambayo mchinjaji mmoja wa kambini angewaambia ni ya uongo. Nadhani wachinjaji wao pia walijua. Ila nani atazuia kitu ambacho kila mtu anakuja kukiangalia?

Kilichobadilisha si nyama. Miaka ya 1700 Birmingham ilijaa viwanda vya vifungo, vitu vya shaba, bunduki na kufuli, na wenye viwanda wakataka mji safi na wafanyakazi wanaofika kazini kwa wakati. Mwaka 1769 ikaundwa kamati ya kusimamia barabara, taa na masoko, na mwaka 1773 mchezo wa fahali ukakatazwa mjini. Watu hawakuacha, walihamia pembezoni. Mwaka 1798 walipanga kufanya pale Snow Hill, na kikosi cha askari wa kujitolea kikatoka kwenda kuwazuia, ngoma zinapigwa, bendera juu. (Volontea kama mimi, ila wao walikuwa na silaha.) Waliwafukuza mpaka nje ya mji, wakawapiga, wakarudi na yule fahali kama kombe.

Hapo ndipo niliposimama kidogo. Nilikuwa upande wa fahali tangu mwanzo, na bado niko upande wake. Lakini hebu angalia nani alipigwa. Bungeni London walijadili muswada wa kukataza mchezo huu mwaka 1800, ukaanguka kwa kura mbili tu. Wakajaribu tena 1802, ukaanguka tena. Aliyeupinga kwa nguvu ni William Windham, na hoja yake ilikuwa hii: nyinyi mabwana mnawinda swala na mbweha kwa makundi ya mbwa, mnaita burudani, halafu maskini mwenye siku moja ya mapumziko mnamwambia fahali wake ni ukatili? Windham alikuwa anatetea kitu kibaya. Lakini swali lake ni la kweli, na halikujibiwa. Sheria ya kukataza michezo hii nchi nzima ilipita mwaka 1835. Sheria ya kukataza kuwinda mbweha kwa mbwa, mchezo wa wenye mashamba makubwa, ilipita 2004. Miaka 169 katikati! Mbweha anasikia maumivu kama fahali, tofauti ni nani anayeshika kamba ya mbwa.

Mwaka huo huo wa 1835 Birmingham ilifungua jengo kubwa la soko pale Bull Ring, lenye vibanda 600, kazi ya msanifu Charles Edge. Lilikuwa zuri, na wauzaji wengi waliokuwa wakinyeshewa barabarani walipata paa. Ng'ombe nao walikuwa wameshahamishwa, tangu 1817, kwenda soko la Smithfield, kwenye eneo la ile nyumba ya zamani ya ukoo wa Peter, handaki la maji lililoizunguka likiwa limefukiwa. Kila kitu mahali pake. Mchezo wenyewe ulisikika kwa mara ya mwisho maeneo hayo Oktoba 1838, huko Gib Heath.

Kumbe uwanja haukukaa mtupu. Mwaka 1839 walianza kukusanyika pale wafanyakazi walioitwa Wachatisti, waliodai kila mwanaume apate kura, tajiri na maskini. (Wanawake hawakuwekwa kwenye orodha, hilo tuliseme.) Walikuwa wanasoma magazeti kwa sauti, wanasikiliza hotuba. Mji haukuwa na polisi wake, basi tarehe 4 Julai waliletwa polisi kama 60 kutoka London kwa treni, reli mpya kabisa, wakaingia katikati ya umati na virungu. Tarehe 15 ghasia zikazuka tena na maduka ya Bull Ring yakachomwa. William Lovett, aliyeandika tamko la kulaani polisi, alifungwa mwaka mzima pamoja na John Collins.

Dada zangu na kaka zangu wa mashirika mnaosoma hapa, msinikasirikie. Asubuhi moja sisi pia tulikuta soko letu limefungwa, tukaambiwa ni kwa ajili ya usafi na usalama wetu. Uchafu ulikuwepo, sikatai, nami nilikuwa kwenye timu ya kufagia. Lakini pale ndipo mama alipokuwa anabadilisha mahindi ya mgao kwa samaki, na pale ndipo tulipokuwa tunapata habari za nyumbani. Wakati wa kupanga kuondoa takataka, hakuna aliyemuuliza mama. Nikisoma habari za 1798 na 1839, virungu viwili juu ya mji mmoja, kimoja kwa ajili ya fahali na kingine kwa ajili ya kura, nashindwa kusema kimoja ni kizuri na kingine kibaya halafu nikalala.

Lile jengo la 1835 lilipigwa bomu na Wajerumani usiku mmoja wa Agosti 1940, paa lote likateketea. Wauzaji walirudi na meza zao wakauza ndani ya kuta, juu mbingu tupu, na waliendelea hivyo vita vikaisha, hata miaka mingi baadaye, mpaka kuta zilipobomolewa miaka ya 1960. Tangu 2003 pale mlangoni pa maduka mapya kuna fahali wa shaba, kazi ya Laurence Broderick, watoto wanampanda mgongoni. Na kwenye eneo la soko la Smithfield, mwaka 2022, ndipo walipocheza voliboli ya mchangani na mpira wa kikapu wa watatu watatu.

Yule wa mashine, baada ya michezo walitaka kumvunja. Watu wa mji wakakataa, wakapiga kelele, akabaki. Sasa yuko ndani ya stesheni ya treni ya New Street, hana kamba.