Mvua ya Mawe: Jinsi Mwanadamu Alivyojifunza Kuyaona Mawe Yakingali Mawinguni

 

Leo tunazungumza juu ya mvua ya mawe. Wewe unayelima chai huko Kericho au Nandi, nchini Kenya, unaijua vizuri. Asubuhi michai ina majani mateketeke, tayari kuchumwa. Alasiri wingu linajifunga, mawe yanapiga bati kwa robo saa, na jua likitoka tena unakuta majani yako yametapakaa chini kama mboga iliyokatwakatwa. Palizi, mbolea, vibarua, vyote umekwisha lipia. Mavuno hakuna.

Basi mtu aliyepata hasara ya namna hiyo akiambiwa kuna dawa, ataitaka. Na ndivyo ilivyokuwa. Mwanadamu alianza kupigana na mawe ya mvua miaka mingi kabla hajaweza kuyaona yalipo.

Kwanza tuyajue mawe yenyewe. Kadiri unavyopanda juu hewani, baridi inazidi. Katika nchi zetu za joto, ukifika kiasi cha kilometa 5 juu ya usawa wa bahari unakuta baridi ya kugandisha maji. Wingu kubwa la radi hupita hapo na kwenda juu zaidi. Humo ndani kuna jambo la ajabu: matone madogo mengi hayagandi, ingawa ni baridi kuliko barafu. Yanangoja kitu cha kushikia. Punje ya barafu ikipita, matone yanagandia juu yake, nayo inanenepa. Upepo wa ndani ya wingu huishikilia juu, inazidi kunenepa, mpaka uzito wake unaushinda upepo. Hapo inaanguka.

Jiwe likianguka pwani lina kilometa 5 za hewa ya joto ya kupitia. Mara nyingi linayeyuka njiani, na mtu wa pwani anaona mvua tu. Lakini Kericho iko kiasi cha kilometa 2 juu ya bahari. Safari ya jiwe ni fupi, linafika likiwa bado jiwe.

Sasa tuje kwenye vita vyenyewe. Mwaka 1896 mkulima mmoja wa mizabibu, Albert Stiger, aliyekuwa pia meya wa mji wa Windisch-Feistritz, alitengeneza mizinga yenye mdomo mpana kama tarumbeta. Mji huo wakati ule ulikuwa chini ya Austria. Leo uko Slovenia. Wingu likitanda, mizinga inapigwa kuelekea juu, ati kishindo kitaharibu mawe. Mwanzoni mawe hayakuanguka, na sifa zikavuma. Wakulima wa Italia wakaiga, wakaweka mizinga kwa maelfu. Kisha serikali zikasema hebu tupime. Majaribio yalifanywa Austria na Italia mwaka 1903 na 1904, na mawe yakaanguka palepale mizinga ilipokuwa inanguruma. Wengi wakaiacha.

Kosa lilikuwa wapi? Mvua ya mawe ina kigeugeu. Mwaka huu inapiga shamba lako, mwaka kesho inakuruka, mizinga iwepo au isiwepo. Mtu akipiga mzinga mwaka ambao mawe yasingekuja hata hivyo, atasema mzinga ndio uliomponya.

Dawa ya pili ilikuwa na akili zaidi. Mwezi Novemba 1946, huko Marekani, Vincent Schaefer alimwaga barafu kavu kutoka kwenye ndege juu ya wingu, na wingu likageuka theluji. Mwezi huohuo mwenzake Bernard Vonnegut aligundua kuwa chumvi ya fedha, iitwayo iodidi ya fedha, huyafanya matone yaliyopoa yagande upesi. Wazo likazaliwa: tukitia punje nyingi sana za kugandia ndani ya wingu, zitagombania maji, na hakuna itakayonenepa. Ni kama kutia mbegu kumi za mahindi katika shimo moja, yote yatadumaa.

Wazo hilo lilifika hata kwetu. Katika miaka ya 1960, mashamba ya chai ya Kericho yalijaribiwa roketi za kulipuka mawinguni, na baadaye ndege za kutia chumvi ya fedha. Lakini swali lilibaki palepale: utajuaje kwamba wingu lile lilikuwa na mawe, na kwamba wewe ndiye uliyeyapunguza?

Jibu lilianza kupatikana katika vita vya pili vya dunia. Rada ilitengenezwa kutafuta ndege na meli za adui. Inarusha mawimbi ya redio, yakigonga kitu yanarudi kama mwangwi. Mwaka 1941, kwenye pwani ya Uingereza, rada ya mawimbi ya sentimeta 10 iliona manyunyu ya mvua yakisogea. Kwa askari ilikuwa bughudha. Kwa watu wa hali ya hewa ilikuwa macho mapya.

Macho hayo yalikuwa bado na ukungu. Tone la maji hurudisha mwangwi karibu mara 5 kuliko punje ya barafu ya ukubwa uleule. Barafu ikianza kuyeyuka na kuvaa maji nje, inang'aa kwenye rada kuliko ilivyo kweli. Kwa hiyo mwangwi mkubwa ungeweza kuwa mvua nzito tu, au mawe. Rada haikuweza kusema ni kipi.

Ndipo ikabidi kuwauliza wakulima. Huko Alberta, Kanada, kazi ya kuchunguza mvua ya mawe ilianza 1956 ikaendelea mpaka 1985. Wataalamu walikuwa na rada, lakini waliwauliza pia wakulima: mawe yalianguka saa ngapi, yalikuwa makubwa kiasi gani? Bila majibu hayo wasingejua mwangwi waliouona ulikuwa wa kitu gani.

Marekani nao, jimboni Colorado, walifanya jaribio la haki kuanzia mwaka 1972. Siku nyingine walitia dawa mawinguni, siku nyingine hawakutia, na siku ilichaguliwa kwa kura ili pasiwe na upendeleo. Baada ya majira matatu ya kutia dawa wakalinganisha. Hawakupata tofauti ya kuiamini.

Mwaka 1976 Thomas Seliga na V. N. Bringi walieleza njia mpya ya kuangalia kwa rada. Tone kubwa la mvua likianguka halina umbo la chozi kama tunavyochora. Hewa hulibana chini, linakuwa bapa kama andazi. Jiwe la mvua linabiringika linapoanguka, kwa hiyo kwa wastani linaonekana la mviringo. Basi rusha mawimbi yaliyolala na mawimbi yaliyosimama. Mwangwi uliolala ukizidi, hiyo ni mvua. Mwangwi ukiwa mkubwa lakini pande zote mbili ni sawasawa, tahadhari, huenda ni mawe. Marekani ilimaliza mwaka 2013 kuzipa rada zake za taifa uwezo huo. Na kwetu, rada ya Mwanza kando ya Ziwa Victoria ni ya aina hiyo.

Palipokosa rada, setilaiti zimesaidia. Mwaka 1997 Marekani na Japani zilirusha setilaiti ya kupima mvua ya nchi za joto, ikafanya kazi hadi 2015. Nyingine iliifuata 2014. Vyombo vyake vina njia nzuri ya kuhisi barafu. Ardhi na mvua iliyo chini hutoa mawimbi hafifu ya redio yenyewe, bila kurushwa na mtu. Barafu nyingi ikiwa juu, huyatawanya kando. Chombo kinaona doa linaloonekana baridi sana, na doa likizidi ubaridi, barafu nayo ni nyingi. Mwaka 2006 ikarushwa CloudSat, yenye rada ya kuchungulia mawingu membamba ya barafu. Ilifanya kazi mpaka 2023, na mwezi Mei 2024 Ulaya na Japani zikarusha EarthCARE kuendeleza kazi. Lakini ujue, setilaiti za namna hii hupita tu, hazikai juu ya shamba lako.

Sasa, ndugu mkulima, haya yote yanakuhusu vipi?

Kwanza, mizinga ya mawe ingali inauzwa katika nchi kadhaa hadi leo. Akija mtu na mzinga, au na dawa ya kutia mawinguni, muulize kama unavyomwuliza muuza mbolea. Imejaribiwa wapi? Nani alipima? Na upande ambao haukutiwa dawa, je, ulikuwaje? Asipokuwa na jibu la swali la tatu, fedha yako ibaki mfukoni.

Pili, weka daftari. Mawe yakianguka, andika tarehe, saa yalipoanza na saa yalipokoma. Linganisha jiwe na punje ya mahindi, au harage, au yai la kuku. Andika upande wa shamba ulioumia, kisha mwoneshe bwana shamba. Daftari hilo litakusaidia ukidai bima, kama unayo. Na litamsaidia mtu wa rada, maana chombo chake kinaona mwangwi, wewe ndiye unayeliona jiwe.