Rangi za Nyaya na Maana ya Maneno: Somo katika Historia ya Kiyoyozi

Mfasiri akabidhiwapo kijitabu cha kufungia kiyoyozi nyumbani, aghalabu hudhani kwamba kazi yake kubwa ni kutafuta jina la kila kipande. Historia yatuonyesha kuwa hatari haimo katika majina ya vipande, bali katika maneno madogo ambayo kila mtu anadhani anayajua.

Dhana yenyewe ilizaliwa kiwandani. Mwaka 1902 mhandisi Willis Carrier alibuni mtambo wa kutawala unyevu wa hewa katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, ambako karatasi zilitanuka na kunywea hata rangi zisikae mahali pake. Mwaka 1906 Stuart Cramer, mhandisi wa viwanda vya nguo, aliipa kazi hiyo jina la Kiingereza lenye maana ya kuiweka hewa katika hali itakiwayo. Jina hilo halikutaja baridi hata kidogo. Sisi twasema kiyoyozi, na neno hilo limekwisha kukubalika.

Ugumu waanza tufikapo kwenye nyaya. Kwa desturi ya zamani ya Uingereza, iliyorithiwa na Afrika Mashariki, waya wenye umeme ulikuwa mwekundu, wa nyutro mweusi, na wa ardhi wa kijani. Katika njia tatu za umeme, buluu pia ilikuwa rangi ya waya wenye umeme. Rangi mpya ziliruhusiwa katika nyumba za Uingereza mwaka 2004 na kulazimishwa mwaka 2006: kahawia kwa umeme, buluu kwa nyutro, kijani na manjano kwa ardhi. Nyeusi sasa yaweza kuwa njia mojawapo ya umeme. Nchini Marekani nyeusi ni ya umeme tangu zamani, na nyeupe ndiyo ya nyutro. Tena, kiyoyozi cha sanduku moja cha volti 240 huko huletewa nyaya mbili zenye umeme, na mara nyingi hakihitaji nyutro kamwe.

Basi mfasiri aandikapo tu “unga waya mweusi”, amemwachia fundi kitendawili ambacho jibu lake laweza kuwa mauti. Yafaa ataje kwanza kazi ya waya, kisha rangi yake na nchi inayohusika.

Hali ni hiyo hiyo kwa neno la Kimarekani lenye maana ya udongo au sakafu. Katika umeme maana yake ni waya wa ardhi, wala si “chini”.

Mwisho, hatuna budi kutofautisha kuzima na kutenga. Kidhibiti joto cha ukutani kikizimwa, feni na kompresa husimama, lakini nyaya za sandukuni bado zina umeme. Kutenga ni kukata umeme wote wa mtambo kwa swichi yake ya kutenga, ambayo kanuni za Marekani hutaka ionekane kutoka mahali mtambo ulipo, kisha kupima. Hata hapo kapasita huweza kubaki na umeme uliohifadhiwa. Kijitabu kinachosema “zima” mahali pa “tenga” kimefasiriwa vibaya, hata kama kila neno lake limo katika kamusi.