Mcheza Kwao Hutunzwa: Historia ya Kuhakiki na Kupendekeza Tungo za Washairi Wachanga Afrika Mashariki, na Funzo Lake kwa Uganda

Utangulizi

Historia ya ushairi wa Kiswahili imeandikwa kwa sehemu kubwa kama historia ya mabingwa. Muyaka bin Haji, Shaaban Robert, Mathias Mnyampala na wenzao wameandikiwa tahakiki na tasnifu nyingi, na ni haki yao. Lakini kila bingwa aliwahi kuwa mtunzi asiyejulikana, aliyeupeleka utungo wake kwa watu asiowajua, akangoja. Nani aliusoma? Alimwambia nini? Na kwa njia gani aliwaarifu wengine kwamba utungo huo unafaa kusomwa? Makala hii inayafuatilia maswali hayo matatu kuanzia majibizano ya Mombasa na Lamu katika karne ya 19 hadi Kampala ya leo.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ushairi wa Kiswahili ulikuzwa na desturi ya kujibizana hadharani, ambamo kusahihisha na kupendekeza vilikuwa tendo moja. Desturi hiyo ilihitaji mahali pa kukutania: baraza, ukurasa wa gazeti, au chama. Uganda imewahi kuwa makao ya kamati kuu ya Kiswahili katika ukanda huu. Imewahi pia kuwa na jarida la wanafunzi lililokuza waandishi wenye sifa duniani. Mambo hayo mawili yalikuwa katika mlima mmoja, lakini hayakukutanishwa. Pengo lililobaki baina yake ndilo linaloihusu sera ya lugha leo.

Kujibiwa ni kutambuliwa

Tungo nyingi za Muyaka (1776–1840) hazieleweki pasipo kuwafikiria wale waliokuwa wakilumbana naye. Uhasama wa Mombasa na Lamu ulipokuwa mkali, ushairi ulikuwa uwanja mmojawapo wa mapambano, na shairi lililotoka upande mmoja lilitarajiwa kujibiwa na upande wa pili. Katika malumbano ya aina hiyo, kumjibu mtu kwa shairi kulikuwa na maana mbili. Mjibuji alimpinga mwenzake, na papo hapo aliukiri ubora wake, kwani malenga hapotezi vina vyake kwa kumjibu asiyeweza kutunga. Utungo dhaifu uliachwa ukafa kwa kukosa jibu.

Desturi hii iliingia katika maandishi ya chapa mwezi Januari 1923, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilipoanzisha gazeti la kila mwezi la Mambo Leo mjini Dar es Salaam. Pamoja na habari na mafunzo, gazeti hilo lilichapisha barua, mafumbo na mashairi ya wasomaji. Shaaban Robert ni miongoni mwa waliochapisha humo mashairi yao ya mapema. Mtunzi aliyekuwa karani au mwalimu katika wilaya ya mbali aliweza kusomwa na watu wa majimbo yote, na kujibiwa nao.

Tukiutazama ukurasa wa namna hiyo kama taasisi, tunaona kazi tatu. Ya kwanza ni ya mhariri: kuchagua. Ya pili ni ya watunzi wenzake: kujibu kwa shairi, kwa kutaja jina au lakabu ya anayejibiwa na kuonyesha wapi hoja au umbo la utungo limelegea. Ya tatu ni ya wasomaji wasiotunga: kukumbuka, kukariri na kulidai jina fulani lirudi. Mtunzi mchanga alipata yote matatu bila kumlipa mtu, na alipata muda wa kufikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa gazeti lilitoka mara moja kwa mwezi.

Hatuna budi kukiri upande wa pili. Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na kuchagua ni mamlaka. Shairi lililoisema serikali vibaya halikuwa na nafasi sawa na lililosifu usafi na masomo. Kwa hiyo, anayetaka kurithi mfumo huu hana budi kuuliza pia nani anamiliki ukurasa.

Watu wa bara na kanuni za pwani

Kwa Uganda, jambo lenye uzito zaidi katika historia hii ni kwamba ushairi ulipoingia magazetini ulikuwa wazi kwa watu wasiozaliwa pwani. Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitokea Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1954 Amri alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichoziweka kwa maandishi kanuni ambazo mwanafunzi wa pwani alizipata kwa kusikiliza: idadi ya mizani, mahali pa vina, utoshelevu wa ubeti. Kitabu cha sheria kilimfaa zaidi yule ambaye hakulelewa miongoni mwa malenga. Katika miaka ya 1960 chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, UKUTA, kiliwakusanya watunzi wa namna hiyo, na Mnyampala akaiendeleza ngonjera, ambayo kwa asili yake ni majibizano, hata ikaingia shuleni.

Hata hivyo, kanuni zilizomfungulia mtu wa bara mlango ziligeuzwa baadaye kuwa komeo. Neno guni, linalotaja utungo wenye kasoro za vina au mizani, lilianza kutumika kama hukumu ya mwisho. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, wahafidhina hawakusema kwamba mashairi hayo ni mabaya. Walisema si mashairi. Mgogoro uliofuata ulidumu zaidi ya mwongo mmoja, na Jumanne Mayoka aliuingiza hata katika jina la kitabu chake cha 1984, Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka.

Mgogoro huo unatufundisha kutenga hukumu mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Kumwambia mtunzi kwamba mshororo wake umepungukiwa na mizani moja ni kumpa kitu cha kurekebisha. Kumwambia kwamba alichokileta si shairi ni kumfukuza barazani. Lakini walau pande zote mbili zililazimika kutoa sababu mbele ya wasomaji, na vijana wa wakati ule walijifunza kutokana na sababu hizo. Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya Mulokozi na Kahigi, iliyotoka mwaka 1979, ilizaliwa katikati ya mjadala huo.

Mlima mmoja, mabaraza mawili

Uganda ilikuwa wapi wakati huo? Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala, na Kabaka Daudi Chwa akawa miongoni mwa waliopinga. Upinzani huo una sababu zake za kisiasa, ambazo si haki kuzibeza. Wakati huohuo, Waganda hawakuwa wageni katika uandishi wa Kiswahili: Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, ndiye aliyeanzisha gazeti la Kwetu mwaka 1937. Alilianzisha Dar es Salaam.

Mwaka 1952 makao ya kamati ya lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, yalihamia Makerere, yakakaa hapo kwa takribani miaka 10. Kamati hiyo ilichapisha jarida na tenzi, na Shaaban Robert alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Kazi yake kuu ilikuwa usanifishaji, utafiti na uhifadhi wa tungo za kale.

Katika mlima huohuo, Idara ya Kiingereza ilianzisha jarida la Penpoint mwaka 1958. Humo wanafunzi walichapisha hadithi na mashairi yao ya kwanza, wakasomwa na wenzao, na mwaka 1965 David Cook akateua sehemu ya kazi hizo katika kitabu cha Origin East Africa. Mnyororo ulikuwa kamili: mwanafunzi, jarida, mkusanyo, mchapishaji. Ngũgĩ wa Thiong'o alipitia humo. Mwezi Juni 1962, waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walipokutana Makerere, kijana huyo alimpa Chinua Achebe mswada wake ausome. Achebe aliusoma, akatoa maoni, akausemea kwa wachapishaji, na Weep Not, Child ikatoka mwaka 1964.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama bahati ya mtu mmoja. Kwa mtazamo wa makala hii, ni mfumo uliofanya kazi yake: palikuwa na mahali, palikuwa na msomaji aliye mtunzi, na palikuwa na njia ya kutoka maoni hadi chapa. Shaaban Robert hakualikwa katika mkutano ule, kwa kuwa aliandika Kiswahili. Ngũgĩ mwenyewe alilitaja jambo hilo miaka mingi baadaye. Shaaban alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962. Hivyo katika Makerere ya miaka ile Kiswahili kilikuwa na kamati ya wataalamu, na Kiingereza kilikuwa na baraza la wanaojifunza kuandika.

Kampala ya leo

Utamaduni wa Penpoint haukufa Kampala. Tangu mwaka 1996, FEMRITE imewapa waandishi wanawake, na baadaye waandishi kwa jumla, mahali pa kusomeana kazi na kukosoana. Mwaka 2007 vijana walianzisha Lantern Meet of Poets kwa lengo hilohilo katika ushairi. Kwa sehemu kubwa, lugha ya mabaraza hayo ni Kiingereza.

Kiswahili, kwa upande wake, kimepata matamko: tamko la mwaka 1973 kuwa lugha ya taifa, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliyokifanya lugha rasmi ya pili, na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 wa kukitumia kama lugha rasmi ya Jumuiya na kukifundisha shuleni. Mwanafunzi wa Kampala anayetunga shairi kwa Kiswahili leo hukutana na wasomaji wa aina mbili. Mwalimu huhesabu makosa kwa ajili ya alama. Marafiki anaowatumia kwa simu humwita malenga na kumpongeza. Wote wawili hawamjibu.

Hasara yake si ya kinadharia. Tuchukue mfano mmoja wa kiisimu. Katika Luganda, sauti l na r hazitofautishi maana, na tahajia huandika r baada ya i na e. Mtunzi aliyelelewa katika Luganda anaweza kuoanisha habari na kejeli akidhani vina vyake vimetimia. Msomaji wa Tanga atasema guni na kufunga ukurasa. Vivyo hivyo, mtoto ina mizani 3 ilhali mbuzi ina 2, tofauti ambayo maandishi hayaionyeshi. Mhakiki anayezijua lugha zote mbili ataeleza chanzo cha kosa, na kosa litakwisha. Tena, anaweza kuuliza swali ambalo hajaliuliza mtu wa pwani: je, katika ushairi wa Kiswahili wa Uganda, ri na li viruhusiwe kuwa kina kimoja? Swali hilo litajibiwa na watunzi wenyewe, pindi watakapokuwa na mahali pa kulijadili.

Hitimisho na mapendekezo

Tuzo za fasihi zilizopo katika ukanda huu zina thamani kubwa, lakini tuzo, kwa maumbile yake, humtambua aliyekwisha kukomaa. Anayekomaa anahitaji jibu. Makala hii inapendekeza mambo manne.

Kwanza, vyombo vya Kiswahili nchini Uganda, kwa ushirikiano na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vigharimie ukurasa wa kudumu wa mashairi katika gazeti au jarida linalosomwa shuleni, wenye mhariri anayejulikana kwa jina na asiyewajibika kwa ofisi ya kisiasa.

Pili, kila utungo unaochapishwa uambatane na jibu la mtunzi mwenzake, kwa nathari au kwa shairi, na majibu hayo yalipiwe kama kazi ya kitaaluma. Miongoni mwa wanaojibu wawemo wajuzi wa lugha za Uganda.

Tatu, mwongozo wa uhakiki utenganishe kasoro za umbo na thamani ya utungo, ili shairi lenye kina kilichopotea liweze kupendekezwa kwa wasomaji huku likisahihishwa.

Nne, kila mwaka uteuzi wa ukurasa huo ukusanywe katika diwani ya bei nafuu na kufikishwa kwa watayarishaji wa mitaala.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kutunzwa ngomani ni kupewa kitu mkononi na mtu aliyekutazama ukicheza. Kijana wa Kampala anayetunga kwa Kiswahili bado hana pa kuchezea, na kumjengea mahali hapo hakuhitaji tamko jingine. Kunahitaji mhariri, malipo ya wanaojibu, na ukurasa usiokosa kutoka.