Mtawanyiko: wa popo, au wa waliomtafuta?

Katika vitabu vya wanyama wa Afrika, kila popo ana ramani yake ndogo iliyopakwa rangi: huku yupo, kule hayupo. Eneo hilo lenye rangi ndilo linaloitwa mtawanyiko wa spishi, yaani jumla ya mahali inapopatikana. Istilahi hii ina kasoro yake. Waliotawanyika walikuwa pamoja kwanza, kisha kila mmoja akashika njia yake. Mtawanyiko wa kibiolojia hausimulii safari yoyote, unataja hali ilivyo tu. Wapo wanaopendelea usambaaji, lakini nalo lina mwendo ndani yake, kama moto au uvumi unavyosambaa. Mtawanyiko unafaa, ila kila unapotajwa inabidi kuuliza: ni wa mnyama mwenyewe, au wa kumbukumbu zake?

Tabora inaonyesha kwa nini swali hilo lina uzito.

Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita hapa kati ya Ujiji na Bagamoyo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh, kiini cha Tabora ya leo, Novemba 1857. Miaka ya 1880 mwanazoolojia Mjerumani Richard Böhm alikusanya wanyama Kakoma, kusini ya Tabora, na mwaka 1882 ndege mmoja aina ya teleka, mwenye mkia mfupi na anayeruka kwa mtindo wa popo hasa, akapewa jina la kisayansi la boehmi. Wasafiri hao wote walitegemea wapagazi, visima na vyakula vya njiani, hivyo sampuli nyingi zilitoka karibu na pale msafara ulipotua mizigo. Zikiwekwa nukta kwenye ramani, zinachora njia ya misafara kabla hazijachora maisha ya mnyama yeyote. Pori la miyombo lisilopitwa na msafara likabaki jeupe, na weupe huo ni rahisi kusomwa kwamba humo hamna kitu.

Teleka angalau huruka mchana. Popo ana shida zaidi. Chukua popo wa jenasi Nycteris: uso wake una mfuo mrefu katikati, masikio ni marefu, na ncha ya mkia wake imegawanyika mfano wa herufi T, jambo lisiloonekana kwa popo wengine. Hutoa sauti hafifu mno, kisha husikiliza vishindo vya wadudu wanaotembea kwenye majani. Kinasa sauti cha mtafiti hakimpati mpaka awe karibu sana. Wavu mwembamba unaotandazwa jioni juu ya kijito humkosa mara nyingi, kwa kuwa huruka polepole na kukwepa vizuizi kwa ustadi. Mchana hujificha kwenye matundu ya miti, mashimo ya muhanga na makalavati chini ya barabara. Anaweza kuwa jirani wa miaka mingi bila kuingia kwenye daftari la mtu.

Hapa istilahi ya pili inahitajika. Makazi ya popo si shimo analolala tu. Ni pamoja na mahali anapowinda, anapokunywa na anapopita. Shimo lenyewe lingefaa kuitwa malazi. Tofauti hii ina matokeo: mti mzee wenye tundu ukikatwa, malazi yametoweka ingawa pori, ambalo ni makazi, bado limesimama na ramani haijabadilika hata kidogo.

Upande wa pili yuko popo wa Pemba, mla matunda mkubwa anayening'inia mitini waziwazi. Makundi yake huhesabika kwa macho. Mwaka 1989 walionekana wachache tu, na baada ya wanavijiji kuanza kulinda malazi yake, idadi ilikadiriwa kupita 20,000. Mtawanyiko wake ni kisiwa kimoja, na mnyama na kumbukumbu zake karibu vinalingana.

Kwa Tabora, ramani ya haki ingekuwa na alama mbili: moja ya mahali popo alipopatikana, nyingine ya mahali alipotafutwa na kukosekana. Kwingine kote kungeachwa bila rangi. Na orodha ya matundu ya miti ingeanza kwa warina asali, ambao kazi yao huwapeleka porini mbali na barabara.