Msitu uliotunzwa kwa shoka

Kaskazini mwa Ilford, mashariki mwa London, limesalia pande la msitu wa Hainault. Kwa karne nyingi wanavijiji walikuwa na haki ya kukata kuni humo. Hawakuiangusha miti. Waliyakata matawi juu ya kimo cha ng'ombe na kulungu, machipukizi yasiliwe, kisha wakasubiri miaka kadhaa yakomae. Mti mmoja uliwapa kuni vizazi vingi.

Mwaka 1851 Bunge lilipitisha sheria ya kuuondolea Hainault hadhi ya msitu wa kifalme. Sehemu kubwa ilifyekwa ikawa mashamba. Masalia yalifunguliwa kwa umma mwaka 1906.

Msitu jirani wa Epping uliokolewa kwa sheria ya mwaka 1878. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo ilifuta haki ya kukata matawi. Wakazi wa Loughton walilipwa fidia, iliyojenga ukumbi wa Lopping Hall mwaka 1884.

Msitu ulipona, lakini miti iliyozoea shoka ikadhurika kwa kuachwa. Matawi yalinenepa yakayaelemea mashina, na kivuli kikaifisha mimea ya chini. Leo wahifadhi wa Epping wameanza tena kuyapunguza matawi hayo, kazi ambayo zamani wanavijiji waliifanya kwa kutafuta kuni tu.