Sauti na Mwenye Kuinasa

Nkoaranga ni mahali pa migomba na mibuni katika mteremko wa Mlima Meru, mashariki ya mji wa Arusha. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, karibu na hapo. Mwaka 1902 wenzao walirudi wakajenga kituo Nkoaranga. Pamoja na shule ulikuja uimbaji wa kwaya, ukakaa jirani na nyimbo za Wameru wenyewe. Basi wimbo katika nchi hiyo haukungoja chombo ndipo utungwe. Kilichongojwa ni kunaswa kwake. Na historia ya kunasa sauti Afrika Mashariki, ikitazamwa vema, hurudia swali moja: ni nani mwenye kuchagua wimbo wa kuhifadhiwa?

Zamani mchaguzi alikuwa mgeni. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu kutoka mji ule ule wa Leipzig, alizunguka kusini ya nchi na fonografu yenye mitungi ya nta, akanasa nyimbo akarudi nazo Ujerumani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akikusanya nyimbo kwa ajili ya santuri. Upande mmoja wa santuri ya zama zile ulibeba dakika chache tu, hivyo ngoma iliyozoea kukesha ilibidi ikatwe ienee humo. Hata pale msanii alipotafutwa kwa ajili ya biashara, chombo hakikumfuata kwao: mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay ili sauti zao ziingie katika santuri.

Baadaye uchaguzi ulihamia serikalini. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikatokea Radio Tanzania, ambayo kwa miaka mingi haikuwa na mshindani Tanzania Bara. Bendi ilikwenda kurekodi studioni kwake, na maneno ya nyimbo yalipimwa kwanza. Ulikuwa mlango mwembamba; lakini aliyeulinda mlango ndiye pia aliyetunza kanda.

Isidhaniwe kwamba wimbo usiopita mlango huo ulikufa. Makumira, chini ya mlima uo huo, mwanafunzi wa theolojia Bernard Kyamanywa aliandika mwaka 1966 utenzi wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya". Uliimbwa, ukaandikwa, ukafasiriwa, na leo umo katika vitabu vya nyimbo vya mataifa ya mbali. Uliokolewa na watu wengi walioujua.

Mlango ulipanuka baada ya sheria ya mwaka 1993 kuruhusu redio za watu binafsi. Studio ndogo zikazaliwa. Arusha kundi la X Plastaz, lililoanza mwaka 1996, lilichanganya hip hop na uimbaji wa Kimaasai, likatoa albamu yake ya kimataifa mwaka 2004. Lakini studio ilitaka fedha, na asiye nazo alibaki nje.

Ndipo chombo kilipoingia nyumbani. Mwaka 1979 Tascam ilitoa mashine ya kunasa sauti nne juu ya kaseti ya kawaida. Mwaka 2011 Apple ikaleta programu ya GarageBand katika kishikwambi, yenye njia nane. Vishikwambi vyenyewe Watanzania wengi walivifahamu katika sensa ya mwaka 2022, mikononi mwa makarani, na baadaye mikononi mwa walimu. Kazi yake si ngumu kueleza. Mwimbaji huimba sauti ya kwanza. Akavaa visikilizio, akajisikia, akaongeza ya pili, kisha ya tatu na ya nne. Mvua ikipiga bati, huacha mpaka itulie. Hapana mgeni wa kumkatiza, wala karani wa kupima maneno yake.

Faida hii ni kubwa, na haifai kubezwa. Hata hivyo ina gharama mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu mmoja aweza kuwa kwaya nzima, na wimbo ulioimbwa na mtu peke yake huenda usijulikane na mwingine. Ya pili ni uhifadhi. Mkusanyo wa sauti wa Berlin, ulioanzishwa mwaka 1900, uliandikwa na UNESCO mwaka 1999 katika Kumbukumbu ya Dunia. Nta laini imeishi karne nzima kwa sababu palikuwa na mtu aliyeajiriwa kuitunza. Wimbo wa kishikwambini hufa siku kioo kinapovunjika, au mwenyewe asahaupo neno la siri. Hapo pana kinyume cha kusikitisha: wimbo uliochukuliwa ng'ambo waweza kudumu, na uliobaki nyumbani ukapotea.

Kwa hiyo aliyerithi haki ya kuchagua amerithi pia kazi ya mtunzaji. Nakala ya pili na iwekwe mahali pengine. Jina la mwimbaji, kijiji, tarehe na maana ya maneno yaandikwe kando yake. Zaidi ya yote, wimbo ufundishwe kwa jirani. Mitungi ya Weule ilitunzwa na wageni. Nyimbo za leo za Nkoaranga hazina mlinzi mwingine ila wenyewe wanaoziimba.