Juu ya nini sahani ya muji haifanane na ya kijiji

Mwaka 1857, Mujerumani Ernst Engel alichunguza matumizi ya jamaa za wafanyakazi wa Ubelgiji. Aliona kwamba jamaa yenye kupata kidogo inamalizia sehemu kubwa ya feza yake kwenye chakula. Ikipata zaidi, sehemu hiyo inapunguka, hata kama inanunua chakula kingi kuliko zamani. Mwaka 1941, Mumarekani M. K. Bennett akaongeza jambo lingine: mapato yakipanda, watu wanapunguza vyakula kama mihogo na mahindi, wanaongeza nyama, maziwa, mafuta na sukari. Uchina ilipita njia hiyo tangu mabadiliko ya uchumi ya 1978.

Kwetu haiende hivyo kabisa. Goma, Bukavu, Butembo na Bunia zimepanuka haraka, lakini wengi waliingia muji juu ya vita, si juu ya kazi yenye mushahara. Sahani yao inageuka mbele feza haijafika.

Sababu moja kubwa ni moto. Kwenye kijiji kuni zinaokotwa. Ndani ya muji makala yananunuliwa. Maharagwe makavu yanaweza kukaa kwenye moto saa mbili ao tatu, muchele dakika kama 20, na mukate hauombe makala hata kidogo. Mama anayeshinda sokoni mpaka magaribi anajua hesabu hiyo bila kusoma Engel.

Lakini mukate ni wa ngano, na ngano inalimwa kidogo tu, kama kwenye milima ya Lubero. Unga mwingi unatoka inje, kwa hiyo vita ya mbali kama ile ya Ukraine, tangu 2022, inaweza kugusa chai ya asubuhi. Muchele unalimwa Bonde la Ruzizi, ila sokoni unashindana na ule wa Tanzania na Asia, kiisha kulipa kwenye kila barrière.

Wenye kupata feza, nao, wanatafuta maziwa, jibini na nyama, na vitu hivyo viko Masisi. Mwanzoni mwa 2024, mapigano karibu na Sake yalipokata njia, bei ya viazi na maharagwe ilipanda Goma. Kwa maziwa ni mbaya zaidi, juu hayangoje: njia ikifungwa, yanachacha kwa mufugaji, na munuzi yuko Goma na feza mukononi.